Firigisi ya Mzee Absalom

Tulipoachana wiki jana, kisu cha Nanyama kilikuwa kimesimama juu ya firigisi ya kuku iliyopasuliwa. Ndani yake mlikuwa na punje nne za mahindi. Zote zilikuwa za rangi ya waridi.

Aliziosha kwa maji ya bomba. Rangi haikutoka.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi, Jumamosi mchana. Nje, katika ua wa hoteli yake hapa Kitale, watu kumi na tisa walikuwa wameketi chini ya mitambaazi ya mapasheni wakisubiri chakula. Kwenye moto kulikuwa na sufuria tatu za kuku.

Kabla ya kufungua hoteli hii, Nanyama alifanya kazi miaka sita katika maabara ya kupima mbegu. Hakuhitaji kumuuliza mtu. Mahindi ya waridi hayaliwi. Ni mbegu iliyopakwa dawa ya kuua wadudu, na kwenye mfuko wake huchorwa fuvu la kichwa cha mtu ili hata asiyejua kusoma aelewe.

Na huu ulikuwa mwezi wa nane. Mbegu yote ya Kitale na Bungoma iliingia ardhini kabla ya Aprili kwisha. Nani bado alikuwa na mbegu mwezi wa nane?

Nanyama alijua ghala moja tu.

Lilikuwa Lugulu, kwenye shamba linalolisha hoteli hii. Ni ghala la mabati la marehemu mumewe, Ian Barasa. Mwishoni mwa Machi Ian alinunua mifuko minane ya mbegu, akaifungia humo pamoja na sanduku la chuma lenye hati ya shamba. Siku mbili baadaye akatoweka. Baada ya siku kumi na moja Mto Nzoia ukautoa mwili. Uso haukutambulika. Koti lilitambulika.

Ian alizoea kuweka ufunguo wa ghala katika mfuko wa ndani wa koti hilo. Ulikuwa na kifundo cha uzi wa manjano alichokifunga Nanyama mwenyewe. Mfuko ulikutwa mtupu. Watu wakasema ufunguo umekwenda na mto, na ufunguo wa pili ulikuwa umevunjika tangu mwaka juzi. Basi mkubwa wa ukoo, Mzee Absalom, akaagiza kufuli lisiguswe hadi siku atakapolikata yeye mbele ya watu wote.

Alhamisi Nanyama alikuwa Lugulu. Alilishika kufuli lile kwa mkono wake. Lilikuwa zima.

Firigisi ya kuku haikai na punje siku mbili. Huzisaga. Kwa hiyo punje hizi zililiwa jana jioni au leo alfajiri. Ghala lilikuwa limefunguliwa, na kama kufuli lingevunjwa habari ingekwisha kufika; aliyelifungua alikuwa na ufunguo ulioibwa na mto.

Nanyama aliweka kisu chini, akavuta bakuli lenye firigisi nyingine kumi na moja.

Alizipasua moja baada ya nyingine. Changarawe na nyasi. Changarawe na mtama. Changarawe. Ya tisa ilikuwa na punje sita za waridi. Zilizobaki zilikuwa safi.

Kumi na mbili, na mbili zina sumu. Lakini nyama ya kuku wote kumi na wawili ilikuwa imekwisha kukatwa, kuchanganywa na kugawanywa katika sufuria tatu.

Alizitoa sufuria motoni. Akachota majivu jikoni kwa sepetu, akamwaga juu ya mchuzi, sufuria baada ya sufuria, ili mkono wa mtu yeyote usije ukakosea.

Emmy, mhudumu wake, aliingia na sinia na kusimama mlangoni.

"Madam, umefanya nini?"

"Umeshapeleka sahani ngapi za kuku?"

"Moja tu. Meza ya Bwana Gathii."

Nanyama alitoka mbio.

Gathii ni mwalimu mstaafu, mteja wa kila Jumamosi. Alikuwa amekaa peke yake, kitambaa kifuani, mikono imeoshwa. Mbele yake paja la kuku lilikuwa linatoa mvuke, zima. Nanyama aliliinua kabla hajasalimia.

"Umekula?"

"Ningekulaje, na ugali haijakuja?" alisema Gathii. "Nilikuja huku nikiwa mtu wa kula kuku na mkate. Ni nyinyi mmenifunza ati kuku bila ugali ni kiamshakinywa. Sasa mnaninyang'anya."

"Umeshika mchuzi? Umelamba kidole?"

Gathii aliacha kutabasamu. Alisema hapana. Nanyama akamwambia ukweli wote kwa sauti ya chini, kwa maneno yasiyozidi ishirini. Mzee wa watu alivitazama vidole vyake kwa muda, akaenda kunawa tena.

Adabu ya tumbo la Bwana Gathii, msomaji, ilimwokoa. Si kila mtu aliyekuwa uani siku hiyo angeokolewa na ugali.

Kwenye meza ya katikati, chini ya kivuli kizuri kuliko vyote, aliketi Mzee Absalom. Alikuwa ametoka Bungoma asubuhi. Katika mfuko wa koti lake mlikuwa na karatasi moja. Ukoo ulikwisha kukubaliana: shamba la Lugulu libaki mikononi mwa mjane wa Ian. Ilibaki sahihi moja, ya Mzee mwenyewe. Alipofika alisema atatia sahihi akishakula, kwa sababu mtu mwenye njaa hukosea hata jina lake.

Bila shamba la Lugulu hakuna maziwa, hakuna kuku. Bila hivyo hoteli hii ingefungwa kabla ya Krismasi. Nanyama alilijua hilo kama anavyolijua jina la bintiye Joy, aliyekuwa shule ya bweni.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwa watu wa Mzee Absalom, kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni mkubwa, firigisi ni ya mgeni huyo. Ukimpa kuku bila firigisi umemwambia akae na watoto. Mwaka juzi, katika posa huko Malakisi, firigisi ilipotelea jikoni. Mzee Absalom aliinuka bila neno na kwenda zake. Mazungumzo ya ile ndoa yalirudiwa baada ya miezi minne.

Na sasa bakuli lilikuwa na firigisi kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyofaa.

"Mama Joy," aliita Mzee. "Nimeona sahani ikirudi jikoni. Hapa kwenu chakula inatembea kuja na kurudi?"

"Baba, naomba unipe saa moja. Kuna kuku sitaki kukupa."

"Kuku imekukosea nini?"

"Nitakueleza ukishakula."

Mzee alimtazama kwa macho mekundu ya uzee, akaipigapiga ile karatasi ndani ya koti. "Saa moja," alisema. "Nina watu wananingoja Bungoma."

Pembeni yake aliketi Derrick, mdogo wake Ian. Ndiye aliyewaleta kuku asubuhi kutoka Lugulu kwa pikipiki ya mizigo. Mbele yake palikuwa na ugali wa wimbi na kunde.

Nanyama aliitazama ile sahani ya kunde. Derrick aliinamisha uso.

Jikoni Emmy alikuwa na la kusema juu ya sahani hiyo. Shemeji Derrick ameitisha kunde, alisema. Ati leo hana hamu ya kuku. Yeye Emmy alidhani ni utani, maana kijijini wanasema Derrick akienda matangani kuku huanza kujificha kabla ya hotuba.

Nanyama hakucheka. Alimpigia simu Hamdun.

Hamdun ni mchinjaji. Anakaa Tuwan, mwendo wa dakika tano. Wateja wa hoteli hii ni Wakristo na Waislamu, kwa hiyo kila kuku hupita kwenye kisu chake, tangu siku ya kwanza, bila kuruka. Alifika akiwa bado na kanzu ya kazi.

Nanyama alimuuliza amechinja wangapi.

"Kumi."

"Walikuja kumi na wawili, Hamdun."

"Walikuja kumi na wawili, nikachinja kumi. Wawili niliwakataa. Mmoja alikuwa amekufa tayari kwa tenga. Mwingine shingo imelala, macho imefunga, akafa nikiwa namwangalia. Mimi siwezi weka kisu kwa mzoga, Mama Joy. Nilimwambia Derrick awazike."

Emmy alianguka kitako juu ya gunia la viazi.

Alisema Derrick alimpa kuku wawili awanyonyoe, akamwambia Hamdun ana haraka, amewachinja na kuondoka. Shingo zilikuwa zimekatwa. Yeye hakujua.

"Walitoka damu?" aliuliza Nanyama.

Emmy alifikiri. "Hapana," alisema. "Hawakutoka hata tone."

Nje watu walikuwa wanacheka juu ya jambo fulani, na kijiko kiligonga glasi.

Sasa Nanyama alikuwa na ukweli wa aina tatu mezani. Mzoga ulikatwa shingo na kuingizwa chunguni. Aliyefanya hivyo alikataa kula kuku. Na kuku wenyewe walikuwa wamekula mbegu kutoka ghala lililofungwa. Mwanamke mwingine angetoka na mwiko. Nanyama alichukua kitambaa chenye maji, akaenda langoni.

Nje ya lango la hoteli pana ubao mweusi. Kila mgeni huusoma anapoingia: kila chakula na shamba kilikotoka. Mboga, Kiminini. Maziwa, Lugulu. Mistari yote huandikwa upya kila asubuhi isipokuwa mmoja. *Kuku: Lugulu, shamba la Barasa.* Huo aliuandika Ian siku hoteli ilipofunguliwa, kwa mkono wake wa kushoto, herufi zote zimelala upande wa kushoto kama nyasi zilizopigwa na upepo. Tangu Machi Nanyama alikuwa akiandika kuuzunguka. Hakuwahi kuugusa.

Aliufuta wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Chaki ikabaki mahali pake kwenye ukingo wa ubao.

Alipogeuka, lango likiwa wazi, aliona meza ya katikati ikimtazama. Mzee Absalom alikuwa ameshika bakora yake kwa mikono miwili. Derrick alikuwa ameacha kutafuna.

Ilibaki firigisi.

Hamdun ndiye aliyeleta dawa. Nyumbani kwake Tuwan kulikuwa na jogoo mmoja, mali ya mkewe Zulekha. Jogoo huyo hajawahi kufika Lugulu wala kuona punje ya waridi.

"Zulekha atakubali?" aliuliza Nanyama.

"Hatakubali. Ndiyo maana nitamwambia baadaye," alisema Hamdun. "Huyo ndiye saa ya nyumba. Kesho tutachelewa swala ya alfajiri, na nitaambiwa ni mimi nilichinja saa."

Dakika ishirini baadaye jogoo alikuwa jikoni. Nanyama alipasua firigisi yake mwenyewe, mbele ya Emmy na Hamdun. Changarawe, kipande cha chapati, mbegu ya pilipili. Aliisafisha, akaichemsha kwa chumvi na kitunguu, akaiweka peke yake katika kisahani cheupe.

Saa moja aliyoomba ilibakiza dakika tatu alipotoka na sinia.

Mzee Absalom alinawa. Aliona ugali, akaona kuku, na akaiona firigisi. Mabega yake yalishuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo.

"Sasa," alisema. "Kwa nini umefuta Lugulu?"

"Baba, kula kwanza."

"Mimi nimekaa baraza miaka arobaini. Mtu akiniambia nikule kwanza, najua kuna mtu hatakula baadaye." Aliinua kile kisahani kwa mkono wa kulia. Hakukielekeza mdomoni mwake. Alikielekeza kwa Derrick. "Wewe ndiye uliamka na hizi kuku. Umezibeba kutoka nyumbani. Leo firigisi nakupea wewe."

Meza za jirani ziligeuka kutazama. Hata Gathii, aliyekuwa amehamia kwenye maharagwe, aliweka kijiko chini. Mzee kumpa kijana firigisi kwa mkono wake ni heshima ambayo watu huisimulia miaka.

Derrick hakunyoosha mkono.

"Asante, Baba," alisema. "Kula tu wewe. Mimi nimeshiba."

"Nimekupea."

"Tumbo inaniuma, Baba."

"Tangu lini?"

Jasho lilikuwa limetoka juu ya mdomo wa Derrick. Mkono wa Mzee ulibaki hewani, umeshika kisahani.

"Derrick," alisema Mzee polepole, "kama hii kitu inaweza kukuua wewe, ulikuwa unangoja mimi niikule?"

Emmy aliweka mkono mdomoni.

Ndipo Nanyama alipofanya jambo ambalo mamake angemfukuza nyumbani kwa ajili yake. Wanawake wa zamani wa ukoo ule hawakula kuku, sembuse firigisi, sembuse ya mgeni. Alikichukua kisahani kutoka mkononi mwa Mzee, akatia firigisi mdomoni, akatafuna mbele ya watu wote hadi ikaisha.

"Hii ilikuwa safi, Baba," alisema. "Ni ya jogoo wa Hamdun, wa Tuwan. Nilitaka ule kitu safi. Sikujua utampa Derrick. Lakini yeye ndiye mtu peke yake hapa anayejua kuku wa Lugulu wamekula nini."

Alifungua kiganja chake cha kushoto na kuziweka mezani punje kumi za waridi.

Mzee Absalom alizitazama bila kuzigusa. Alikuwa mkulima. Hakuuliza ni nini. Aliuliza swali lile lile ambalo Nanyama alijiuliza jikoni.

"Mwezi wa nane?"

"Mwezi wa nane, Baba. Na kufuli halijavunjwa."

Tulitegemea Derrick akane. Alikuwa na nafasi ya kukana. Punje hazina jina la mtu. Lakini mtu aliyeshindwa kupokea firigisi amekwisha kusema nusu.

Aliongea akitazama kunde zake. Aliingia ghalani jana jioni, alisema, giza likianza. Hakutaka mbegu. Alitaka sanduku la chuma. Lilikuwa nyuma ya mifuko, na alipolivuta mfuko mmoja uliokuwa umetobolewa na panya ukapasuka. Alifagia alichoweza kuona kwa tochi ya simu, akafunga kufuli kama alivyolikuta. Alfajiri kuku walikuta punje zilizomwagika hadi nje ya mlango.

Alipofika Kiminini, njiani kuja Kitale, mmoja alikuwa amekufa na mwingine amelala shingo. Alifikiria kuwatupa wote wawili mtoni. Lakini orodha ya Nanyama ilisema kumi na wawili.

"Na shemeji huhesabu," alisema. "Huyu mama anahesabu hadi maharagwe. Wakipungua angeuliza walikufa na nini, na akiuliza atajua. Nikasema sumu iko kwa tumbo, nyama iko sawa. Nilikuwa nimwambie Emmy atupe firigisi. Nikachelewa. Nikapata Mama Joy ameshika kisu."

"Watu kumi na tisa, Derrick," alisema Nanyama. "Na baba yako mkubwa."

"Si nimesema nilichelewa, bana."

Mzee Absalom aliinua bakora na kuilaza juu ya meza, kati ya sahani, kwa sauti ndogo ya mbao juu ya mbao. Sanduku liko wapi? Derrick alisema hana. Alilitoa jana hiyo hiyo kwa mtu aliyemtuma. Hati ilikuwa ndani? Ilikuwa ndani.

Nanyama alisikia hilo kama mtu anavyosikia mlango wa nyumba yake ukifungwa akiwa nje. Hati ya shamba haikuwapo tena. Ilibaki sahihi ya Mzee tu, na ilikuwa bado katika koti la Mzee.

"Ulifungua na nini?" aliuliza.

Derrick aliingiza vidole viwili katika mfuko wa shati. Alichokitoa alikiweka mezani, karibu na punje.

Ulikuwa ufunguo mdogo wa shaba. Kwenye tundu lake palikuwa na kifundo cha uzi wa manjano.

Nanyama aliuchukua. Uzi ulikuwa umefifia kwa jasho la mfuko, lakini kifundo kilikuwa chake: mizunguko mitatu na ncha moja iliyochomwa kwa kiberiti isifumuke. Alikifunga akiwa amekaa kitandani, Ian amesimama karibu yake akimharakisha. Hakukuwa na tope kwenye meno ya ufunguo. Hakukuwa na kutu. Hakijawahi kuingia mtoni kitu kile.

"Nani amekupa?"

"Shemeji, wacha hiyo."

"Nani, Derrick?"

Derrick alimtazama Mzee, akalitazama lango, akamtazama tena Nanyama. Woga wake wa mwanzo ulikuwa wa kijana aliyekamatwa. Huu ulikuwa mwingine.

"Mwenye koti," alisema.

Nanyama aliufumbata ufunguo.

"Mwenye koti tulimzika. Wewe ulibeba jeneza."

"Tulizika koti. Mtu aliyekuwa ndani yake si yeye," alisema Derrick. "Mimi mwenyewe sikujua hadi mwezi jana. Alinipigia simu. Nilidhani ni mtu ananicheza. Halafu akaniambia nije pale daraja ya Webuye, na nikaenda, na alikuwa amesimama hapo. Amekonda. Lakini ni yeye."

Mzee Absalom hakupiga kelele wala hakumwita Mungu. Alivaa miwani. Akatoa ile karatasi, akaikunjua juu ya meza na kuisoma kuanzia juu, kidole kikifuata mistari, hadi alipofika kwenye neno moja. Kidole kikasimama.

"Hapa imeandikwa mjane," alisema.

"Baba."

"Mimi nilikuwa nimeleta sahihi kwa mjane wa Ian. Nilikuwa nimeamua, na ningeiweka leo hata kama ungenipea kunde." Aliikunja karatasi mara mbili na kuirudisha kotini. "Lakini kama huyu anasema ukweli, hapa hakuna mjane. Na kama anasema uongo, kuna mtu ametembea na ufunguo wa maiti. Siwezi weka sahihi juu ya hiyo. Wewe mwenyewe, na vile unapenda ukweli, usingeweka."

Hilo ndilo lililomuuma. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumwaga kuku, kumpa Mzee firigisi ya Tuwan, na kumwacha ale. Sahihi ingekuwa imekauka sasa hivi.

"Yuko wapi?" alimuuliza Derrick.

"Sijui anakaa wapi. Ni yeye hunitafuta. Alisema sahihi ikiwekwa leo, ameisha. Ati mtu aliyezikwa akishapoteza shamba, hana kwa kurudi. Alisema atakuja kuangalia kama imewekwa."

"Leo?"

Derrick alilitazama tena lango.

Emmy alikuwa ameondoka mezani kuwafungulia lango wateja waliokuwa wanatoka. Sasa aliita. Hakupiga kelele. Aliita mara moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kazi.

"Madam. Ni wewe umeandika hapa tena?"

Nanyama aliinuka na ufunguo mkononi. Alipita meza ya Gathii, akapita bomba, akatoka nje ya lango. Barabara ilikuwa na jua na watu wa kawaida wa Jumamosi: mwanamke na mtungi, pikipiki mbili, mtu mwenye kofia anayepinda kona bila haraka.

Alitazama ubao.

Mahali alipopafuta kwa mkono wake, maji yakiwa bado hayajakauka vizuri pembeni, mstari ulikuwa umerudi. *Kuku: Lugulu, shamba la Barasa.* Herufi zote zilikuwa zimelala upande wa kushoto.

Aligusa herufi ya mwisho. Unga mweupe ukabaki kidoleni.

Akatazama ukingo wa ubao, mahali alipoacha chaki. Chaki haikuwapo. Palikuwa na punje moja ya mahindi, ya waridi.